Wali wa nazi, maharage na mchicha kwa jiko la gesi la mtungi mdogo

Maswali ninayoulizwa ni yale yale kila wiki. "Mbona wali wangu wa nazi juu una kiini, chini umeungua?" "Tui limekatika, nimwage?" "Maharage yako jikoni tangu mchana na bado yamegoma, gesi ndiyo hiyo inaisha, nifanyeje?"

Wengi wanaouliza wamepanga chumba Sinza, Tabata au Mbagala, jijini Dar es Salaam, wana mtungi wa kilo 6 wenye jiko juu yake, na kupika walifundishwa nyumbani kwenye jiko la mkaa. Tatizo linaanzia hapo. Kwenye mkaa, tui likishakauka unapunguza makaa chini na kupalia mengine juu ya mfuniko, wali unaivia moto wa pande mbili. Gesi inachoma chini tu, tena katikati ya sufuria. Ukifuata maelekezo ya mkaa kama yalivyo, chini kutaungua kabla juu hakujaiva. Na wanaohamia gesi wanazidi kuongezeka: mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Kwa hiyo vipimo na mpangilio wote hapa chini ni wa gesi, moto mmoja, watu wanne.

Mahitaji

Mchele nusu kilo, sawa na vikombe 2 na nusu vya robo lita. Kikombe utakachopimia mchele ndicho hicho hicho cha kupimia tui.
Nazi 2 kubwa zilizokomaa.
Maharage robo kilo. Kama una friji, chemsha nusu kilo kabisa, nusu yake uihifadhi. Gesi ni ile ile.
Mchicha mafungu 3.
Vitunguu maji 2, nyanya 3, hoho nusu, kitunguu saumu punje 3, chumvi, mafuta vijiko 2 vya chakula.
Sufuria 2 zenye kitako kizito na mifuniko inayobana, sufuria ndogo au kikaango cha mchicha, mwiko, ungo au sinia, chujio, beseni.
Mbuzi ya kukunia nazi, au blenda.
Chuma cha chapati. Usishangae, utaona kazi yake kwenye wali.

Mchele. Wa Mbeya na wa Morogoro yote inafaa. La muhimu zaidi ya jina la mkoa ni umri wake. Mavuno makubwa ya mpunga huwa kati ya Mei na Julai, na mchele uliotoka shambani karibuni bado una unyevu, hivyo hunywa tui kidogo. Muulize muuzaji bila aibu, au bana punje kwa meno: mpya hubonyea kidogo kabla ya kuvunjika, wa zamani hukatika kavu. Wali bokoboko mwingi wa miezi hiyo unatokana na watu kupimia mchele mpya maji ya mchele wa zamani.

Nazi. Ishike, iwe nzito. Itikise, usikie maji. Angalia yale macho matatu: yawe makavu, yasiwe na ukungu wala dalili ya kuvuja. Nazi isiyolia maji iache hapo hapo sokoni. Masoko mengi yana watu wanaokukunia kwa mashine. Ukiwapa, waambie wavunje mbele yako na uonje maji kabla haijakunwa. Maji machungu au yenye ukakasi ni nazi iliyoharibika, na moja tu ikichanganywa na nzima inaharibu chungu kizima.

Maharage. Nunua pale yanapouzika haraka. Maharage yaliyokaa ghalani miaka miwili hayalainiki vizuri hata ukimaliza mtungi.

Usiku wa kuamkia siku ya kupika

1. Chambua maharage, toa mawe na yaliyotobolewa, osha, loweka kwenye maji mengi kwa saa 8 au zaidi. Usiku wa Dar una joto, kwa hiyo kama jikoni ni pa moto sana badilisha maji mara moja kabla ya kulala, la sivyo asubuhi utakuta povu na harufu ya kuchacha.

Maharage

2. Mwaga maji uliyolowekea, weka mapya yapite maharage vidole vitatu. Washa moto mkubwa. Yakianza kutokota, yaache yatokote kwa nguvu dakika 10 kamili bila kupunguza moto. Hatua hii haina njia ya mkato: maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayokatwa na mchemko mkali, na mtu akila yaliyoiva nusu anaweza kutapika na kuharisha.

3. Punguza moto, funika ukiacha upenyo, pika dakika 50 hadi 60. Ukiongeza maji, yawe ya moto. Kwa presha kuka, dakika 15 hadi 20 tangu ianze kupiga mluzi zinatosha.

4. Pima kwa kubonyeza harage moja kati ya ulimi na kaakaa. Likipondeka bila kutumia meno, limeiva.

Nyanya isiguse sufuria kabla ya hapo. Uchachu wa nyanya au ndimu hukaza ganda la harage na kulizuia kulainika. Chumvi inalaumiwa kuliko kosa lake. Anayegomesha maharage mara nyingi zaidi, hasa kwenye nyumba zinazotumia visima, ni maji magumu yenye madini mengi. Ukiona sabuni haitoi povu kwenye maji yako, chemshia maharage kwa maji ya bomba au ya kununua. Magadi yanasaidia, lakini robo kijiko cha chai ndiyo mwisho. Zaidi ya hapo mchuzi una ladha ya sabuni.

Tui

Fanya kazi hii maharage yakiwa jikoni.

5. Vunja nazi kwa mgongo wa kisu kizito, ukigonga kuzunguka katikati huku ukiizungusha mkononi. Kinga maji, onja, ndipo uendelee.

6. Kuna kwa mbuzi, ukisimama pale unapoanza kuona weusi wa karibu na kifuu. Kwa blenda, katakata vipande vidogo, weka maji vuguvugu vikombe 2, saga dakika 1 hadi 2. Nazi iliyotoka kwenye friji iache kwanza ipoteze ubaridi: mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi joto 24 hivi, na yakiganda yanabaki kwenye machicha, wewe unakamua maji meupe tu.

7. Tui la kwanza: maji vuguvugu vikombe 2 juu ya nazi iliyokunwa (uliyesaga kwa blenda umeshayaweka), fikicha kwa nguvu dakika 2, kamua, chuja. Utapata tui zito kama vikombe 2. Liweke peke yake.

8. Tui la pili: maji vikombe 4 na nusu juu ya machicha yale yale, fikicha, kamua, chuja. Hili ni tui jepesi. Likipungua kikombe kisa machicha yamekunywa, jazia maji.

Gawanya sasa hivi, usisubiri mpaka kila sufuria inadai haki yake. Wali: tui jepesi vikombe 3 na nusu na zito kikombe 1. Maharage: jepesi kikombe 1, zito robo tatu. Mchicha: zito robo kikombe. Kosa linaloonekana sana ni kumwaga tui zito lote kwenye wali tangu mwanzo. Matokeo yake wali unashika chini mapema, na maharage yanaambulia maji.

Tui la kopo au boksi linafaa siku ya haraka. Lihesabu kama tui zito. Kupata jepesi, changanya kipimo kimoja chake na viwili vya maji. Soma pakiti kwanza, kuna yenye sukari.

Kuunga maharage

9. Maharage yakishaiva, acha supu yake kama kikombe kimoja. Tia kitunguu 1 kilichokatwa, nyanya 2, hoho, kitunguu saumu kilichotwangwa na tui jepesi. Chemsha dakika 10 bila kufunika. Ponda upawa mmoja wa maharage kwa mwiko ukutani mwa sufuria, mchuzi ushikane.

10. Punguza moto mpaka mdogo, mimina tui zito, koroga polepole upande mmoja bila kuacha. Yakianza kutoa mapovu madogo pembeni, hesabu dakika 3 hadi 5, tia chumvi, epua, funika. Usiliache tui likatokota kwa fujo: moto mkali hutenganisha mafuta na maji, na hapo ndipo linapokatika.

Wali

Hapa tulia. Hiki ndicho chakula ambacho mgeni ataonja kwanza, na kwenye gesi dakika mbili za kuzubaa zinatosha kukiharibu.

11. Pepeta na uchambue mchele kwenye ungo: mawe, chuya, pumba. Mchele uliofungwa kwenye mfuko wenye picha nzuri nao chambua. Osha mara 3, mwaga maji, uache kwenye chujio ujikaushe dakika 10. Maji yanayobaki kwenye mchele ni maji ya ziada ambayo hukuyapima.

12. Mimina tui jepesi vikombe 3 na nusu kwenye sufuria. Kama mchele ni mpya, weka vikombe 2 na robo tatu tu. Tia chumvi kijiko cha chai 1 na robo. Moto wa kati, koroga mpaka lichemke. Onja: liwe na chumvi inayosikika wazi, kwa sababu mchele utaimeza. Wali wa nazi uliopungukiwa chumvi hauonjeki nazi hata ungetia nazi tatu.

13. Tia mchele, geuza mara moja kutoka chini, sambaza uwe sawa juu. Usifunike. Baada ya dakika 8 hadi 10 tui litashuka mpaka usawa wa mchele na utaona vitundu vikitokea juu, vikitoa mvuke. Sikiliza pia: mlio wa kutokota unakuwa mzito, wa kufukuta. Hiyo ndiyo alama, zaidi ya saa ya ukutani.

14. Mimina tui zito kikombe 1 kwa kuzungusha, pembeni na katikati. Pitisha mwiko chini mara moja, geuza kwa upole, sawazisha. Usikoroge kama uji. Punje zikivunjika hutoa wanga na wali unagandamana.

15. Punguza moto mpaka mwisho kabisa. Inua sufuria, weka chuma cha chapati juu ya jiko, rudisha sufuria juu ya chuma. Chuma kinachukua ule moto wa katikati na kuusambaza kwenye kitako chote. Kisiwe kikubwa kupita mataruma ya jiko, maana kikizidi kinarudisha joto chini kwenye mtungi.

16. Funika kwa kubana. Jani la mgomba juu ya wali kisha mfuniko ni bora kuliko vyote, foili inafuata, kitambaa safi kilichozungushiwa mfuniko, ncha zake zikafungwa juu mbali na moto, nacho kinafaa. Mfuko wa nailoni usiutumie. Najua unatumika nyumba nyingi na mvuke unaubana vizuri, lakini mifuko ile haikutengenezwa kwa chakula cha moto, na ukigusa sufuria unayeyukia humo humo kwenye wali wa watoto.

17. Dakika 10, funua, geuza mara moja kwa haraka, wa chini uje juu. Funika tena dakika 8. Zima. Epua sufuria na mfuniko wake, izungushie taulo nene, iweke pembeni dakika 10 hadi 15. Joto lililobaki ndilo linalofanya kazi ya yale makaa ya juu ya mfuniko. Ndiyo sababu kuu ya mimi kusisitiza sufuria yenye kitako kizito: nyepesi haitunzi joto, wali unapoa kabla ya kuiva katikati.

Mchicha

18. Osha kabla ya kukata, kwenye beseni la maji mengi, mara 3. Kila mara nyanyua mchicha kutoka kwenye maji. Ukimwaga maji na mchicha ndani, mchanga unarudi juu ya majani.

19. Kaanga kitunguu dakika 2, nyanya 1 mpaka ilainike, tia mchicha bila maji. Usifunike, ukifunika unapoteza ukijani. Dakika 4, tia tui zito robo kikombe na chumvi, geuza dakika 2, epua.

Mpangilio wa jioni

Saa 10:00 maharage jikoni, wewe na nazi. Saa 11:10 unga maharage. Saa 11:30 wali. Saa 12:10 wali unaingia kwenye taulo, mchicha unapanda. Saa 12:20 pakua. Ukitaka samaki, usijaribu kumwingiza kwenye ratiba ya moto mmoja; pale soko la samaki la Feri wapo wanaoparua na kukaanga, rudi naye tayari.

Mtungi wenyewe: uwe wima sakafuni, dirisha wazi, sufuria isizidi upana wa jiko kwa sababu ikiyumba inaangusha vyote viwili. Ukisikia harufu ya gesi, funga koki, fungua milango, usiwashe kiberiti wala swichi ya taa. Maungio yapime kwa povu la sabuni, kamwe si kwa moto.

Yanapokwenda mrama

Wali una kiini, tui limekauka. Nyunyizia tui jepesi au maji ya moto robo kikombe, ukizungusha. Funika, moto mdogo juu ya chuma, dakika 7. Maji ya baridi hapana, yanaushtua wali na kiini kinabaki.

Wali umekuwa bokoboko. Funua, moto mdogo dakika 5 mvuke utoke, kisha utandaze kwenye sinia pana. Hautarudi kuchambuka, ila utashika. Mara ijayo punguza nusu kikombe cha tui jepesi.

Umeungua chini. Usigeuze! Epua mara moja, pakua wa juu kwenye chombo kingine bila kukwangua. Ukiugeuza, harufu ya kuungua inaenea kote. Ukoko wa rangi ya dhahabu ni jambo jingine, huo gawa kwa haki. Ukoko mweusi tupa.

Tui la maharage limekatika. Usimwage, halina madhara. Epua, chota upawa wa maharage, yaponde mpaka yawe laini, rudisha na ukoroge kwa nguvu. Wanga wake utashikanisha mchuzi upya.

Maharage yamegoma baada ya saa moja na nusu. Maji magumu au maharage ya zamani. Badilisha maji kwa ya moto yasiyo na chumvi, tia magadi robo kijiko kama hukuwa umeweka, endelea nusu saa. Yakigoma tena, zima gesi. Mitaa mingi ina akina mama wanaouza maharage yaliyokwisha chemshwa, nunua uunge.

Wali una harufu ya mafuta yaliyochina. Nazi ilikuwa mbovu. Hakuna kiungo cha kuificha, mwaga.

Ukimtumia shangazi au rafiki picha ya ulichokula leo ili akuelekeze, picha peke yake haimsaidii. Mwandikie na haya: mchele wa wapi na ni mpya au wa zamani, vikombe vingapi vya mchele kwa vingapi vya tui, sufuria gani, na ulifunika dakika ngapi. Kwa hayo manne atajua kosa liko wapi bila kuonja.

Kiporo. Chakula cha nazi huchacha upesi kwenye joto la Dar, kwa hiyo kisikae nje zaidi ya masaa mawili baada ya kupikwa. Tandaza wali kwenye sinia upoe haraka, weka kwenye chombo chenye mfuniko, friji. Maharage vivyo hivyo, chombo chake. Asubuhi nyunyizia wali vijiko viwili vya maji, funika, moto mdogo juu ya chuma cha chapati mpaka utoe mvuke kote, maharage yachemke kabisa. Kama huna friji, pika kinachoisha usiku ule. Wali uliolala nje unaweza kuwa na sumu ya bakteria ambayo kupasha moto hakuiondoi, hata kama haunuki.